Kiwanja cha Watoto

Maneno yaliyosomwa na karani wa Kamati ya Watoto mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ya Watoto iliagizwa kusema mbele yenu juu ya michezo, jinsi inavyoweza kutumiwa kuwalea watoto katika afya njema, hasa wale ambao kwao hakuna kitu. Twashukuru kwa kupewa nafasi hii. Twajua ya kuwa baadhi ya wazee, walipoliona neno "michezo" katika orodha ya shughuli za leo, waliona hapa ndipo pa kutoka nje kunyosha miguu. Twawasihi wakae, maana jambo hili lahusu fedha za Chama, lahusu ardhi ya Chama, na lahusu mazishi.

Na tuanze na hayo mazishi. Atakayefungua hesabu zilizochapwa katika kitabu hiki ataona kwamba gharama za kuzika zimetangulia gharama nyingine zote. Hilo si aibu, ni sifa. Tangu Chama kuanzishwa hakuna mwanachama aliyeachwa katika nyumba ya maiti kwa kukosa mbao na gari. Habari ya msiba ikifika jioni, kabla ya jua kuchomoza mchango umekwisha kutimia, na hata yule asiye na kazi amekwisha kuleta shilingi zake. Lakini mtoto anapokuwa angali hai, anakohoa, vidole vya miguu vimejaa funza, hajaonja tunda tangu juma lililopita, hakuna mbiu inayopigwa. Chama chetu kina wepesi wa ajabu wa kumfikia mtu akiisha kufa. Kamati yauliza kama wepesi huo hauwezi kurudishwa nyuma kidogo, ukamkuta mtu angali anapumua.

Watoto tunaowasema si wageni kwenu. Ni wale wanaolelewa na nyanya zao kwa kuwa wazazi wamefariki. Ni wale ambao mama zao huondoka alfajiri kwenda kufua nguo katika nyumba za watu, wakarudi usiku. Ni wale wanaookota vyuma chakavu na chupa za plastiki, wakapimiwa kwa kilo. Tangu mwaka 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na wengi wao wameandikwa shuleni. Lakini kuandikwa ni jambo moja, kufika ni jambo la pili, na zile saa baina ya kutoka shule na kulala ni jambo la tatu ambalo halina mwenyewe. Saa hizo ndizo gundi inaponuswa. Saa hizo ndizo mtoto wa miaka kumi na miwili anapofundishwa na vijana kubashiri matokeo ya mpira kwa simu, hata akayajua majina ya wachezaji wote wa Uingereza, ilhali yeye mwenyewe hajagusa mpira mwezi mzima.

Mzee mmoja ambaye twamheshimu sana alituambia katika kikao cha Machi kwamba watoto wa maskini hawana haja ya kufundishwa kukimbia, kwa kuwa wanakimbia tangu asubuhi hadi jioni. Neno hili lastahili kujibiwa vizuri, kwani wengi wenu mnalo moyoni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 yampasa kupata wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili hata moyo ukaenda mbio, na angalau siku tatu katika juma afanye mambo ya kuimarisha misuli na mifupa. Kwa hesabu hiyo twaweza kusema kwamba msichana anayebeba dumu la lita ishirini kutoka bombani amekwisha kutimiza sheria. Lakini tumtazame anapobeba. Shingo imebana, mgongo umepinda upande mmoja, macho yako chini, naye hacheki. Kazi humfundisha mtoto uvumilivu, wala hatusemi aachishwe kazi za nyumbani. Lakini kazi haimfundishi kushindwa bila kupigana, kungoja zamu yake, wala kuitii sheria ile ile inayomtawala mwenye nguvu na mnyonge pamoja. Hayo huyapata mchezoni, na mwili wake wote hunyoka humo.

Wale mliokuwa hapa mwaka 2020 mwakumbuka shule zilivyofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi wasirudi hadi Januari 2021. Watoto wanane ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa, kiwanja kimefungwa. Hatuna haja ya kueleza zaidi. Majirani waliosikia makelele ya usiku katika miezi ile watashuhudia ya kuwa mtoto asiyecheza hageuki kuwa mtulivu.

Walakini tusidanganyane. Mpira peke yake haumponyi mtu. Katika mtaa mmoja jirani alikuja bwana mkubwa wakati wa kuomba kura, akagawa mipira na jezi, akapigwa picha amewabeba watoto wawili, akaenda zake. Baada ya juma moja mipira ilikuwa mikononi mwa vijana wakubwa, nao wakiichezea kwa kuwekeana fedha. Jezi zilionekana migongoni mwa watu wazima wenye ndevu, na watoto wakarudi kandokando ya mtaro kuwa watazamaji. Bwana yule hakuleta mwamuzi, wala sabuni, wala mtu wa kukaa pale Jumamosi ya pili. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba michezo haileti afya, nasi tutamkubalia ikiwa anasema juu ya michezo ya namna ile.

Sasa twende kidogo katika bonde la Mathare, ambalo wengi wenu mwalijua kwa miguu. Mwaka 1987 kulianzishwa huko chama cha michezo ya vijana kiitwacho Mathare Youth Sports Association, ambacho watu hukiita MYSA kwa kifupi. Aliyekianzisha pamoja na vijana wa pale ni Bob Munro, mtu wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika mambo ya mazingira na maendeleo. Takataka za bonde lile zilikuwa hazizolewi. Mvua ikinyesha zilishuka pamoja na maji machafu hadi milangoni, na watoto walicheza katikati yake kwa mpira wa juala, yaani mifuko ya plastiki iliyoviringwa na kufungwa kwa kamba. (Mifuko hiyo ya kubebea vitu serikali iliipiga marufuku mwezi wa Agosti 2017, lakini jina la juala bado limo vinywani mwa watoto.)

Jambo tunalotaka mlitie maanani ni mapatano yaliyofanywa pale. Watoto hawakupewa ligi kama sadaka. Waliambiwa kwamba chama kitawatendea kadiri wao wenyewe watakavyotenda. Kila timu ikawa na wajibu wa kushika majembe na matoroli, kuzoa takataka na kuzibua mitaro ya mtaa wake, na alama za kazi hiyo zikaingizwa katika jedwali la ligi pamoja na alama za ushindi. Hivyo timu ya wafungaji hodari ikawa yaweza kupitwa na timu ya wenye bidii ya usafi. Fikirini maana yake, wazee. Mtoto ambaye asingezoa taka kwa kuambiwa na chifu, wala kwa kusomewa juu ya vijidudu vya kipindupindu, alizizoa kwa sababu anataka timu yake iwe juu ya timu ya jirani. Na mtaro ukiisha kuzibuliwa, maji hupita, na mtoto mchanga aliye ndani ya nyumba hupona bila kujua ni nani aliyemponya.

Tena kijana anayewafundisha wadogo, anayeamua mechi, anayehudhuria kazi, hujipatia alama zake mwenyewe, na wenye alama nyingi husaidiwa karo. Fedha hizo hupelekwa shuleni, hazitiwi mkononi mwa mtoto wala wa mzazi. Mwaka 1992 wasichana nao wakaanza kucheza, na mwaka ule ule Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likakitunukia chama kile nishani yake. Mwaka 1994, wakati ugonjwa wa ukimwi ulikuwa ukisemwa kwa kunong'ona hata katika mazishi ya waliouawa nao, vijana wale walianza kufunzwa ili wawafundishe wenzao waziwazi. Kijana wa miaka kumi na saba akiwaambia wa miaka kumi na minne habari za ugonjwa ule, baada ya kuwafundisha kupiga kona, alisikilizwa kuliko sisi tungalivyosikilizwa tukiwa tumevaa makoti.

Twajua kuna wapenzi wa kandanda humu ndani wanaongoja tufike penye makombe. Basi, timu za Mathare zimekuwa zikienda Oslo kushindana katika Norway Cup tangu mwaka 1990. Timu ya Mathare United iliundwa mwaka 1994, ikatwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na tena mwaka 2000, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Ni furaha, nasi tulifurahi. Lakini makombe yale yalikuwa matunda ya juu kabisa ya mti, na mti wenyewe ni maelfu ya watoto ambao hawatatajwa redioni kamwe, waliokua wakiwa na mapafu mazima na miguu isiyo na funza.

Kutoka Mathare na tushuke pwani, hadi Kilifi, kwa sababu ya mabinti. Huko mwaka 2001 kulianzishwa kazi iitwayo Moving the Goalposts, ya kuwachezesha wasichana mpira wa miguu. Mwajua desturi za kule, na desturi zetu hazipishani nazo sana. Msichana akitoka shule aenda kuteka maji, kuokota kuni, kupika, kumlea mdogo wake, na uwanja ni mali ya wavulana. Waliosimamia kazi ile hawakuishia kwenye mpira tu. Wasichana wenyewe walifundishwa kuwa makocha, waamuzi na viongozi wa ligi zao, na katika makundi hayo hayo ya mpira wakazungumza juu ya hedhi, juu ya mimba za utotoni, juu ya namna ya kumkatalia mtu mzima anayewaita kando. Msichana aliyezoea kupaza sauti uwanjani akidai pasi huwa amejifunza pia kupaza sauti mahali pengine. Tunayasema haya mbele ya akina baba kwa heshima, kwa kuwa wako humu wanaowazuia mabinti zao kuja Jumamosi kwa kuhofu kwamba watakuwa wakaidi. Tumeyatazama mambo haya kwa karibu, na kwa maoni yetu ukaidi wa namna hiyo wafaa kununuliwa kwa fedha.

Katika Chama chetu, tangu mwaka jana, Kamati imekuwa ikiwakusanya watoto kila Jumamosi saa nane mchana katika kiwanja kilicho nyuma ya ukumbi huu. Saa hiyo ilichaguliwa makusudi. Wasichana wawe wamemaliza kazi za asubuhi, na wote wawe wamefika makwao kabla ya giza. Watoto hugawanywa kwa kimo, si kwa umri, maana wengi hawaijui siku waliyozaliwa, na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekosa chakula hawezi kugongana na wa miaka tisa aliyeshiba. Hatuchezi mpira wa miguu peke yake. Mpira mmoja huchezewa na ishirini na wawili, na wengine hamsini wakawa wa kushangilia. Kwa hiyo twacheza pia kati, blada na mbio za kupokezana kijiti, na kuna siku ya kuruka kamba ambayo mama mmoja mwanachama, bibi wa wajukuu sita, aliwashinda wote. Michezo hii haina gharama, na hakuna anayekaa bure.

Kabla ya mchezo kila timu husafisha kipande chake cha mtaro. Mchezo ukiisha, watoto huosha miguu na mikono kwa sabuni, kwa foleni, nahodha akiwa wa mwisho. Hapo mwanzo baadhi ya wavulana waliicheka sabuni. Sasa wanaona fahari, kwa kuwa mwamuzi haandiki ushindi wa timu ambayo mikono yake haijaoshwa. Mtu aweza kuona ni jambo dogo. Lakini ni nani amlishaye mtoto mchanga mama anapokuwa kazini? Ni dada yake wa miaka kumi. Homa ya mapafu na kuhara ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka mitano duniani, na kuhara huingia kwa njia ya mkono na kijiko. Tukiuosha mkono wa yule dada, tumelinda vinywa viwili.

Kuna habari moja twataka kuieleza, bila kutaja jina wala nyumba. Mwezi wa tatu wa michezo hii, kijana wetu anayesimamia mbio alitambua kwamba mvulana mmoja, aliyekuwa mwepesi hapo awali, sasa anasimama katikati ya njia kushika magoti yake. Juma la pili vivyo hivyo. Alipoulizwa, alisema amekula vibaya. Nyumbani walidhani ni uvivu, na nyanya yake, ambaye macho yake hayaoni mbali, hakujua kwamba kikohozi chake kimepita mwezi. Mama mmoja wa Kamati alimpeleka kituo cha afya, akapimwa, ikaonekana ana kifua kikuu. Dawa za ugonjwa huo hazilipiwi katika vituo vya serikali. Alizitumia hadi mwisho, na ndugu zake waliolala naye chumba kimoja nao wakapimwa. Twauliza, ni nani angalimwona? Mwalimu alikuwa na wanafunzi themanini. Sisi wengine twapita na salamu zetu. Alionwa kwa sababu palikuwa na mtu mzima aliyemtazama akikimbia kila juma, mahali pale pale, hata akajua mwendo wake. Ndiyo sababu twasema mpira ni wito tu, kama kengele. Kazi yenyewe ni yale yanayofanywa mtoto akiisha kuitikia.

Na wale wasioweza kukimbia? Wapo. Tunaye mmoja mwenye mguu uliopooza, tunao wawili wenye pumu. Hao ndio watunza saa wetu na waandishi wa alama, na yule mwenye mguu ndiye mwamuzi mkali kuliko wote wa mchezo wa kati. Kamati imekataa shauri la kuunda timu moja ya watoto hodari na kuwaacha wengine, ingawa lililetwa kwa nia njema. Waliolileta walitutajia Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1500 huko Mexico mwaka 1968. Nasi twamstahi mzee yule, na zaidi ya nishani zake twamstahi kwa kuwa yeye na mkewe waliwachukua mayatima nyumbani mwao huko Eldoret, wakawalea. Hakuwachagua kwa kasi ya miguu yao. Kamati hii kazi yake si kutafuta bingwa. Akitokea bingwa tutampigia makofi kama watu wengine.

Jambo la zawadi lilituletea maneno, nalo twalisema upesi. Ilikuwa desturi katika sherehe zetu kumpa mshindi soda na biskuti. Tumeacha. Kwa bei ya kreti moja ya soda twanunua unga wa wimbi wa kuwapikia uji watoto wote, na machungwa juu yake. Watoto walinung'unika majuma mawili. Hali kadhalika tumekataa kununua kombe la fedha lililoonyeshwa kwa Kamati na mfanyabiashara mmoja. Kombe halinywewi uji.

Sasa twafika penye mzizi wa maneno yetu, nao ni kiwanja. Wanachama wote wamepata habari ya kwamba kuna mtu mwenye malori aliyeomba kukikodi kwa miaka mitano, akizungushe ukuta, alaze magari yake humo. Kodi anayotaja ni nzuri, na Mweka Hazina amesema kweli kwamba ingeupunguza mzigo wa michango ya msiba. Hoja hiyo si ya kijinga, wala hatutaki mtu yeyote aondoke hapa akisema Kamati ya Watoto imewatukana wazee. Mwenye kubeba hesabu za Chama kila mwezi ana haki ya kuitazama ardhi iliyolala na kuuliza italeta nini.

Ila ardhi ile hailali. Siku nyingine za juma, zisizo za Kamati, watoto wamo humo tangu saa kumi hadi jua kutua, na hakuna kiwanja kingine kilicho wazi ambacho mtoto wa mtaa huu aweza kukifikia bila kuvuka barabara kubwa. Ukuta ukijengwa, michezo haitahamia mahali pengine. Itahamia barabarani, na kwenye ukingo wa mto ule ambao maji yake mwayajua. Nasi twajua pia kwamba ukuta ukisimama miaka mitano haubomoki kwa barua.

Mwezi wa Januari 2015, hapa hapa Nairobi, watoto wa Shule ya Msingi ya Langata Road walitoka madarasani wakiwa na sare zao kuupinga ukuta uliokuwa umejengwa kuwatenga na kiwanja chao cha kuchezea. Walirushiwa moshi wa kutoa machozi, na picha zake zikaonekana duniani kote. Kiwanja kilirudishwa kwa shule. Lakini ilibidi watoto walie kwanza mbele ya ulimwengu ndipo watu wazima wakumbuke. Kenya ilikuwa imekwisha kuuridhia tangu mwaka 1990 ule Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 31 kinaitambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Basi haki ilikuwa imeandikwa kwa miaka ishirini na mitano, na ukuta ukajengwa juu yake. Sisi hatuna mtu wa kumlaumu kama wao walivyokuwa naye. Kiwanja chetu kikiondoka, kitakuwa kimeondoka kwa kura zetu wenyewe, katika ukumbi huu, na jina la kila mmoja wetu litakuwa katika kumbukumbu.

Wahenga walisema udongo upatize uli maji. Watoto hawa bado wana maji ndani yao. Baada ya miaka mitano, siku mkodishaji atakapoleta funguo, kama ataleta, hawa wa leo watakuwa watu wazima, na kila mmoja atakuwa amekwisha kukauka katika umbo alilolipata.

Kamati haikuja na maneno matupu. Tumekipima kiwanja kwa hatua. Ule ukanda wa mbele, ulio kando ya barabara, hauchezewi, maana una mawe na nguzo ya umeme. Hapo pangeweza kujengwa vibanda vichache vya kukodishwa kwa akina mama wauza mboga na fundi viatu, milango ikielekea barabarani, migongo ikiwa ndiyo ukuta wa kiwanja. Kodi yake haitafika ile ya malori. Tumewauliza wanaotaka vibanda, nao wako tayari kulipa kila mwezi, na fedha hiyo yatosha bili ya maji, sabuni na unga, ikabaki kiasi cha kuingia katika hazina ya misiba. Mweka Hazina ameziona hesabu hizi na amezisahihisha mahali pawili, twamshukuru.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Mkutano ombi hili: kiwanja kisikodishwe kwa malori, ukanda wa mbele utengwe kwa vibanda, na Chama kinunue tangi moja la maji la kuwekwa pembeni, kwani hivi sasa sabuni yetu yangoja madumu kutoka mbali, na siku ambazo bomba limekauka watoto huenda nyumbani na vumbi lao. Twaomba pia wanaume wawili watu wazima wajitolee kuwapo kila Jumamosi, mmoja awe anajua kupuliza firimbi, wa pili hata kama hajui chochote. Mama watatu wamekwisha kujiandikisha.

Kura itapigwa baada ya majuma mawili, kama Mwenyekiti alivyotangaza. Jumamosi mbili zimo katikati. Watoto watakuwa kiwanjani saa nane kama kawaida, na kwa wazee watakaopenda kuja kutazama kabla ya kupiga kura, viti vitawekwa chini ya mjakaranda, upande wa mtaro uliokwisha kusafishwa.